Overlay huuwasha uso mmoja na kuuzima mwingine: hesabu ya leya kwenye ngozi nyeusi

Chukua pikseli moja ya shavu la mtu mweusi aliyepigwa picha kivulini: nyekundu 110, kijani 72, bluu 50, kwa kipimo cha 0 (giza) hadi 255 (mwanga kamili). Kwenye Photoshop, nakili leya, yaani tabaka la picha, iache nakala juu, chagua modi ya Overlay (modi ni kanuni ya kuchanganya leya ya juu na ya chini). Pikseli ile inashuka hadi 95, 41, 20. Sasa chukua shavu la mtu mweupe, 220, 180, 160, ufanye vilevile. Linapanda hadi 245, 211, 184. Amri ni moja, kitufe ni kimoja, lakini uso wa pili umewaka na wa kwanza umezama.

Efekti nyingi zinazouzwa au kugawiwa bure mtandaoni, zile za kutia picha mng'ao na nguvu, zimejengwa juu ya Overlay au ndugu yake mpole, Soft Light. Modi hizo zina mpaka katikati, kwenye 128. Kilicho chini ya mpaka hutiwa giza, kilicho juu hutiwa mwanga. Ngozi nyeupe kwenye mwanga wa kawaida iko juu ya mpaka karibu yote. Ngozi nyeusi iko chini yake. Mhariri asiyelijua hili huona uso umezama, huongeza mwanga kwa Screen, uso ukawa wa majivu, akaongeza rangi, ukawa wa chungwa, na mwisho bibi harusi anapokea albamu ambayo mama yake mzazi anauliza huyu ni nani. Mkono wa mhariri hauna kosa hapo. Aliyeachiwa kazi ni 128.

Jambo hili lina mizizi mirefu kuliko kompyuta. Enzi za filamu, maabara za kusafisha picha zilipimia rangi kwa kadi za Kodak zilizojulikana kama Shirley, zenye sura ya mwanamke mweupe, na mashine zilirekebishwa mpaka ngozi yake ionekane sawa. Hesabu ya leya yenyewe haina upendeleo: 128 ni nusu ya 255, basi. Lakini anayetengeneza efekti huijaribu kwenye picha iliyo mbele yake, na picha hiyo ndiyo inayoamua namba za efekti.

Majina ya modi na vitufe nayaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ya Photoshop, ili uyakute unapoyatafuta. Photopea, ile inayofunguka ndani ya kivinjari bila malipo, ina karibu vyote hivyo kwa majina yaleyale. Kwa GIMP, programu nyingine ya bure, nitasema pale njia inapotofautiana.

Pima kwanza

Kabla ya kugusa modi yoyote, jua namba za picha yako. Chukua zana ya kuchovya rangi, ile Eyedropper, na kipimo chake ukiweke kwenye 5 by 5 Average. Pikseli moja peke yake hudanganya, kwa sababu kinyweleo au chembe ya kelele ya kamera inaweza kuwa na namba isiyofanana na jirani yake. Fungua dirisha la Info, kisha weka alama nne: paji la uso, upande wa shavu wenye kivuli, weupe wa nguo, na mahali peusi kuliko pote, kwa kawaida nywele. Kwenye GIMP, zana ya Color Picker ina kisanduku cha Sample average, kitie alama.

Tuseme picha ni ya bwana harusi aliyevaa kanzu nyeupe, saa saba mchana, amesimama ukutani kivulini nusu. Kanzu inasoma 245 sehemu inayopigwa na jua na 225 kwenye mikunjo. Uso ni ile 110, 72, 50. Ukiigeuza kuwa kijivu kwa uzani wa kawaida wa macho, yaani asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya bluu, unapata takriban 81. Iandike 81 mahali. Ndiyo namba itakayoongoza kila kitu huko mbele.

Kama faili ni la RAW, yaani data ghafi ya kamera, mwanga wa jumla usahihishwe huko kwanza, kwa Exposure, kabla ya leya. Kuna sababu ya kihesabu. Exposure ya RAW inazidisha mwanga wenyewe kabla haujapindishwa kuwa namba za skrini, kwa hiyo uwiano wa nyekundu, kijani na bluu unabaki uleule. Ngozi inakuwa na mwanga zaidi bila kubadilika kuwa ngozi ya mtu mwingine. Modi za leya haziheshimu uwiano huo, kama tutakavyoona. Kisha ingiza picha kwenye programu kwa biti 16, si 8. Biti 8 inakupa ngazi 256 tu kwa kila rangi, na sehemu yenye giza, kuanzia 0 hadi 32, ina ngazi 33. Ukizivuta juu kwa leya mbili tatu, ngazi zinaachana na kwenye shingo na mashavu unaona mistari kama ya ramani ya milima. Kugeuza faili la biti 8 kuwa la 16 baadaye hakurudishi ngazi zilizokwisha kupotea, ingawa kunazuia upotevu mpya.

Multiply kwa kanzu, bila kugusa uso

Multiply inafanya kile jina lake linasema: inazidisha. Gawanya namba mbili kwa 255, zizidishe, rudisha kwenye 255. Picha ikizidishwa kwa nakala yake, 245 inakuwa 235 na 225 inakuwa 199. Tofauti kati ya kitambaa na mkunjo ilikuwa 20, sasa ni 36. Ndiyo maana mikunjo na darizi ya shingoni inajitokeza ghafla, kama imepigwa pasi upya. Ila 255 mara 255 ni 255. Kama kamera ilikwisha kuunguza kanzu hadi weupe mtupu, Multiply haina cha kuzidisha na darizi hairudi kwa leya yoyote; rudi RAW ushushe Highlights, au ukubali.

Uso uleule chini ya Multiply unakwenda 47, 20, 10. Tazama uwiano: mwanzo nyekundu ilikuwa mara 2.2 ya bluu, sasa ni karibu mara 4.8. Yaani uso haukupata giza tu, umekolea wekundu pia. Kuzidisha namba kwa yenyewe ni kuuzidisha uwiano kwa wenyewe. Hii ndiyo ngozi ya udongo mwekundu inayoonekana kwenye picha nyingi za harusi, na watu huisingizia printa.

Kwa hiyo Multiply iende kwenye kanzu peke yake, na hapa maski ya mwanga, yaani pazia la kijivu linaloamua leya ifanye kazi wapi, inafanya kazi vizuri kuliko brashi yoyote. Usinakili leya. Ongeza leya ya marekebisho ya Curves, yaani mstari wa kupandisha na kushusha mwanga, usiuguse mstari wake, na ubadilishe modi yake kuwa Multiply. Matokeo ni yaleyale ya kunakili picha, lakini faili halibebi mzigo: picha ya pikseli 6000 kwa 4000 hula megabaiti 72 kwa kila leya ya biti 8 na 144 kwa biti 16, wakati leya ya marekebisho haibebi zaidi ya maski yake. Kwenye kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 utaiona tofauti hiyo.

Sasa maski. Bonyeza Ctrl, Alt na 2 kwa pamoja kabla ya kuongeza ile leya ya Curves. Picha itachaguliwa kwa kadiri ya mwanga wake, na leya itakapozaliwa itakuja na maski iliyo nakala ya kijivu ya picha. Nyeupe inaruhusu, nyeusi inazuia, kijivu kinaruhusu nusunusu. Kanzu ya 245 inapata asilimia 96 ya athari. Lakini uso wa 81 nao unapata asilimia 32, na hiyo ni nyingi mno. Bofya maski, fungua Levels, kipimo cha weusi na weupe, kwa Ctrl na L, sukuma pembetatu nyeusi ya kushoto hadi 150. Uso unaanguka hadi sifuri, kanzu inabaki na asilimia 90. Ukiona mpaka mkali kati ya kola na shingo, ipe maski ukungu wa Gaussian wa pikseli 3 hadi 5, si zaidi. Ukiuzidisha, giza la kanzu linavuja shingoni na kuacha kivuli kisichokuwepo.

Kwenye GIMP nakili leya, weka Multiply, ongeza maski kwa kuchagua Grayscale copy of layer, kisha Levels juu ya maski hivyohivyo. Angalia mtego mmoja: tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018, baadhi ya modi za GIMP hufanya hesabu kwenye mwanga mnyoofu, yaani kabla haujapindishwa, badala ya namba za skrini, hivyo namba zako zinaweza kupishana kidogo na hizi. Kando ya orodha ya modi kuna kitufe kidogo cha kubadilisha kati ya kundi la Default na la Legacy. Chagua kundi moja ulishike kwa kazi nzima. Kuchanganya makundi mawili katika faili moja ni njia ya kupata rangi usizoweza kuzieleza.

Multiply ina kazi nyingine ninayoipenda kuliko zote: nywele. Mtu mwenye nywele za kipilipili au afro akipigwa mbele ya ukuta mweupe, kumkata kwa Pen au Quick Selection ni kumnyoa. Badala yake, mweke mtu mzima juu ya mandhari mpya kwenye leya mbili: moja ya Multiply kwa ajili ya nywele, nyingine ya Normal juu yake yenye maski inayofunika uso, mwili na katikati ya nywele. Nyeupe ya 255 ikizidishwa na mandhari inaiacha mandhari kama ilivyo, na kila unywele mweusi unabaki mahali pake. Sharti ni ukuta uwe 255 kweli. Ukiwa 240, mandhari yote nyuma ya nywele inapungua kwa asilimia 6 na unaona utando wa kijivu kama taji kuzunguka kichwa. Dawa ni Levels juu ya leya ya nywele, pembetatu nyeupe ya kulia ishuke hadi 235. Kama ukuta una rangi ya maziwa, shusha kila chaneli, yaani nyekundu, kijani na bluu, peke yake, la sivyo utando utakuwa wa manjano.

Screen na uso wa majivu

Screen ni Multiply iliyogeuzwa: inapindua namba, inazidisha, inapindua tena. Uso wetu chini ya Screen unakwenda 173, 124, 90. Nyekundu sasa ni mara 1.9 ya bluu, chini ya 2.2 ya mwanzo. Rangi imepungua, na ndiyo sababu ya ule ujivu. Watu wengi hujibu kwa kuongeza Saturation, na Saturation inavuta rangi zote, pamoja na midomo, macho na wekundu wa ukingo wa kope.

Njia ya upole ni Curves yenye modi ya Screen, ukolevu wake, yaani Opacity, uwe asilimia 20 hadi 40, na maski yake iwe kinyume cha ile ya kanzu. Kwa asilimia 40 uso unafika 135, 93, 66, uwiano mara 2.05, na macho mengi hayaoni tofauti ya rangi. Ukihitaji zaidi ya 40, tatizo si la Screen tena. Rudi kwenye Exposure ya RAW. Na hapa nina msimamo usiohusu hesabu: kuongeza mwanga ni kurudisha kile kamera ilichokosa, basi. Mteja akisimama mbele yako na picha ikiwa kwenye skrini, ngozi mbili hizo zifanane. Efekti inayombadilisha mtu rangi imemharibia picha yake hata kama amelipia.

Hamisha kitovu kutoka 128 hadi 81

Turudi kwenye Overlay. Kosa lake kwa uso mweusi ni kwamba inaona 128 kuwa kitovu. Uso wetu una kitovu chake kwenye 81. Tukitaka kontrasti usoni, yaani ile tofauti ya paji na tundu la jicho inayoupa uso umbo, kontrasti hiyo izungushwe pale uso ulipo.

Ongeza Curves ya kawaida. Bofya mstari kwenye Input 81, Output 81. Huo ni msumari wa kitovu. Weka nukta ya pili: Input 112, Output 122. Ya tatu: Input 50, Output 42. Sehemu za uso zenye mwanga zimepanda, za kivuli zimeshuka, na katikati pametulia. Nukta ya nne kwenye 200 na 204 huzuia mstari usirushe kanzu juu. Kisha badilisha modi ya leya hiyo kuwa Luminosity. Usipofanya hivyo, mstari uleule unazivuta chaneli tatu kila moja kivyake, nyekundu ya 110 inapanda huku bluu ya 50 inashuka, na uso unarudi kuwa wa udongo. Luminosity inachukua mwanga kutoka leya ya juu na kuiacha rangi ya chini ilivyokuwa. Kwa ngozi nyeusi naiona kuwa modi muhimu kuliko Overlay na Soft Light zikijumlishwa.

Kama umeshanunua efekti ya Overlay na unataka kuitumia, usiitupe. Bofya leya yake mara mbili upate dirisha la Blending Options. Chini kabisa kuna Blend If. Kwenye mstari wa Underlying Layer, shika Alt na uipasue pembetatu nyeusi iwe nusu mbili: ya kushoto 90, ya kulia 140. Sasa Overlay haigusi kitu chochote chenye mwanga chini ya 90, inaanza polepole, na inafanya kazi kamili kuanzia 140. Uso umepona, kanzu na ukuta vimepata ule mng'ao. Ukiiacha pembetatu bila kuipasua, mpaka utakuwa mkali na utaona madoa kwenye mashavu, mahali ambapo ngozi inavuka 90. GIMP haina Blend If. Tumia maski ya kijivu kama tulivyofanya kwa kanzu.

Kwa kuchonga uso kwa mkono, tengeneza leya ya kijivu. Shika Alt ubofye alama ya leya mpya, chagua Soft Light, weka tiki kwenye kisanduku cha kuijaza kijivu cha asilimia 50. Leya haionekani, kwa sababu kijivu hicho hakibadilishi kitu kwenye Soft Light. Brashi laini, Hardness 0, Flow asilimia 5, rangi nyeupe kwa kuangaza na nyeusi kwa kutia kivuli. Kila mguso mmoja wa brashi unapandisha kijivu kutoka 128 hadi 134, mitatu hadi 146, na mitatu hiyo inaupandisha uso wa 81 hadi takriban 90. Kidogo? Ndiyo, na hicho ndicho kipimo sahihi. Ukiweka Flow 30 utaona kila alama ya brashi.

Watu huuliza kwa nini isiwe Overlay hapa. Hesabu inajibu. Nyeupe kamili kwenye Soft Light ya Photoshop inafikisha 81 hadi 144, na kitu chenye 250 hakiungui. Nyeupe kamili kwenye Overlay inafanya kila kilichozidi 128 kuwa 255, mara moja. Mng'ao wa jua kwenye pua ni wa kwanza kuungua. GIMP ina kanuni tofauti kidogo ya Soft Light, 81 inafika 136, lakini tabia ni ileile.

Mng'ao huo wenyewe unataka heshima. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake zaidi kwa mng'ao kuliko kwa kivuli. Ukiufuta wote kwenye paji, pua na mifupa ya mashavu, uso unakuwa bapa kama karatasi. Wa jasho la mchana punguza, usiuondoe. Leya tupu, modi ya Darken, chovya rangi ya ngozi iliyo jirani na mng'ao, paka kwa ukolevu wa asilimia 15 hadi 20. Darken inagusa tu pikseli zenye mwanga kuliko rangi uliyochovya, kwa hiyo vinyweleo na nyusi vinabaki salama hata brashi ikipita juu yake.

Kutenganisha rangi na ngozi

Mbinu hii inatumika vibaya kuliko zote, na ndiyo chanzo cha zile nyuso za plastiki. Wazo ni kuigawa picha sehemu mbili: leya ya chini ibebe rangi na mwanga, ya juu ibebe vinyweleo, makunyanzi na alama. Ukisawazisha doa la rangi, vinyweleo havifutiki.

Nakili picha mara mbili. Ya chini iite Rangi, ya juu iite Ngozi. Ifiche Ngozi, kisha Rangi ipe ukungu wa Gaussian: nusukipenyo cha pikseli 8 hadi 10 kama uso una urefu wa pikseli 1500 hivi, 3 hadi 4 kama una 500. Kipimo cha jicho ni hiki: vinyweleo vitoweke, lakini umbo la pua na midomo libaki. Ifunue Ngozi, nenda Image, Apply Image. Chagua leya ya Rangi, chaneli RGB. Kwa biti 8: Blending iwe Subtract, Scale 2, Offset 128. Kwa biti 16: weka tiki kwenye Invert, Blending iwe Add, Scale 2, Offset 0. Modi ya Ngozi iwe Linear Light. Kwenye GIMP weka leya ya Rangi iliyotiwa ukungu juu ya picha kwa modi ya Grain extract, tengeneza leya mpya kwa New from Visible, irudishe Rangi kwenye Normal, na leya mpya iweke juu kwa Grain merge.

Jaribio la lazima: weka leya mbili ndani ya kundi, zima na washa. Picha isibadilike hata chembe. Ikibadilika, mara nyingi umetumia namba za biti 8 kwenye faili la biti 16, au umesahau kuchagua leya ya Rangi ndani ya Apply Image. Usiendelee mpaka itulie.

Halafu kazi yenyewe: kwenye Rangi, zungushia doa kwa Lasso yenye Feather ya pikseli 15, lipe ukungu wa pikseli 15 hadi 20, na hapo tu. Usiusafishe uso wote kwa mkupuo. Kwenye Ngozi, chunusi ziondolewe kwa Healing Brush au Clone Stamp, na Sample iwe Current Layer. Ikiwa Current & Below, brashi inabeba rangi ya chini na kuibandika kwenye leya ya vinyweleo, ikaacha alama za kijivu zinazoonekana siku ya kuchapisha. Chunusi ni ya wiki hii, iondoe. Chale, kovu la utotoni na mwanya wa meno ni vya mwenye uso. Viguse akiviomba mwenyewe.

Maandishi juu ya picha

Hapa nitapita haraka, kwa sababu mitindo ya leya kama Drop Shadow na Stroke inajieleza. Mambo matatu tu huharibu kazi za kadi na mabango. Stroke ya Outside hufanya pembe za herufi kuwa za mviringo. Ukitaka pembe kali chagua Inside. Ukipunguza picha kwa Image Size bila tiki ya Scale Styles, kivuli cha pikseli 20 kinabaki cha pikseli 20 kwenye picha iliyopungua mara nne, na herufi zinaonekana zinaelea. Na kama umeficha sehemu ya jina kwa maski nyuma ya bega la mtu, kivuli kitafuata ukingo wa maski. Weka tiki kwenye Layer Mask Hides Effects ndani ya Blending Options. Ukitaka kivuli kibaki na herufi zenyewe zitoweke, shusha Fill badala ya Opacity: Opacity inashusha vyote, Fill inaacha mitindo.

Kunoa na kutoa

Kunoa kuwe mwisho, baada ya kupunguza ukubwa. Unganisha nakala ya leya zote kwa Ctrl, Shift, Alt na E, pitisha High Pass ya nusukipenyo 1 hadi 1.5 kwa picha ya pikseli 2048 upande mrefu, modi iwe Soft Light. High Pass inaacha kijivu cha 128 kila mahali pasipo ukingo, hivyo hapa kitovu cha 128 hakimdhuru mtu. Kama kuna rangi kwenye kingo za ile leya ya kijivu, iondoe kwa Ctrl, Shift na U, vinginevyo kope zinapata ukingo wa kijani au zambarau. Ukiona mstari mweupe kati ya bega na anga, iongezee leya maski na upake hapo kwa brashi nyeusi.

Kabla ya kutoa faili, kagua uso kwa mara ya mwisho. Weka nakala ya picha ya asili juu kabisa, modi ya Difference. Mahali ambapo hakuna kilichobadilika pataonekana peusi. Uso unaoonyesha kijivu hafifu ni sawa, mwanga tu umebadilika. Ukionyesha wekundu au bluu, rangi ya ngozi imehama. Zima leya moja moja mpaka wekundu upotee, na umempata mkosaji. Ifute leya ya Difference.

Hifadhi faili la kazi kama PSD, au XCF kwa GIMP, leya zote zikiwa ndani. PSD inaishia gigabaiti 2; ukizidi hapo tumia PSB. Nakala ya mteja: igeuze kuwa sRGB, mfumo wa rangi wa skrini za kawaida, kwa Convert to Profile, kisha biti 8, kisha JPEG ya ubora wa 10 kati ya 12. Assign Profile si kitu kilekile: Convert hubadilisha namba ili rangi ibaki, Assign huacha namba na kubadilisha rangi, na uso uliouhangaikia saa nzima unapauka au kukolea kwa mbofyo mmoja. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, si kama picha. Ikipita kama picha inabanwa upya, na kwenye JPEG iliyobanwa sana ngazi za giza za mashavu na shingo ndizo zinazoanza kugeuka viraka.